Naiweka mbele juisi ya ukwaju

Ndugu yangu, umeuliza ni juisi ipi ya nyumbani tunayoipenda zaidi, na kama kuna haja ya kujisumbua ilhali madukani zimejaa za boksi. Mimi naiweka mbele juisi ya ukwaju. Uloweke katika maji ya moto kwa muda wa nusu saa, uuvuruge kwa mkono mpaka nyama iachane na kokwa, uchuje, kisha utie sukari kidogo kidogo huku ukionja, kwa sababu ukali wake, unaotokana hasa na asidi ya tatariki, hutofautiana sana kutoka fungu moja hadi jingine. Tangawizi mbichi iliyotwangwa pamoja na hiliki huipa harufu ambayo sijaikuta katika boksi lolote.

Kwa upande wa mboga, napenda karoti iliyochanganywa na pasheni, mradi mbegu za pasheni zichujwe kabla ya kusaga, maana zikivunjika huleta uchungu. Nanasi ambalo halijapikwa usilichanganye na maziwa ukayaweka, kwani lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini ambacho huvunja protini za maziwa na kuyafanya machungu.

Za boksi sizikatai zote. Soma maandishi ya ubavuni: nekta ni tunda lililoongezwa maji na, mara nyingi, sukari, kwa hiyo anayetaka tunda lenyewe atafute iliyoandikwa asilimia 100, na akishaifungua aihifadhi kwenye friji.