Utalii wa Diani umedandia lori la mizigo

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza kama miundombinu ya usafiri ndiyo inayokuza utalii wa eneo, au ni utalii uliokwisha kusitawi ndio unaoilazimisha serikali kujenga njia. Mimi nimewaendesha wageni Pwani ya kusini ya Kenya kwa miaka mingi, na kwa yale niliyoyaona Diani, ufuo wa hoteli ulio kusini mwa Mombasa, jibu langu haliangukii upande wowote kati ya hizo mbili.

Hoteli zilitangulia. Zilikuwapo miongo kadhaa huku njia ya kuzifikia ikiwa ni ile ile: mgeni anashuka Uwanja wa Ndege wa Moi, anaingia kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Makupa, anapenya katikati ya mji, kisha anapanga foleni Likoni asubiri feri imvushe maji yasiyozidi sana upana wa nusu kilomita. Safari nzima haifiki kilomita 50, lakini sisi madereva tulikuwa tukiwatoa wageni hotelini saa tano kabla ya ndege yao kuruka, maana hakuna aliyeweza kuapa foleni ingekuwaje. Wenzetu wa kaskazini hawakuhitaji feri, walikuwa na daraja la Nyali. Mgeni aliyechoshwa na Likoni hakuandika barua ya malalamiko. Mwaka uliofuata alikwenda zake Malindi, au, akiwa na uwezo, akaruka moja kwa moja kutoka Nairobi hadi uwanja mdogo wa Ukunda.

Reli ya kisasa ya Nairobi hadi Mombasa ilipozinduliwa mwaka 2017 tulidhani shida imekwisha. Watu wa bara walijaa kwenye treni, hasa Desemba, lakini kituo cha mwisho kiko Miritini, nje ya kisiwa, na abiria wa Diani aliyefika hapo kwa starehe alirudi kwenye foleni ile ile ya feri. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 2024, ilipokamilika barabara ya Dongo Kundu, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani, ambayo inaanzia huko huko Miritini, inavuka madaraja ya Mwache na Mteza na kutokea Kibundani, upande wa kusini, bila kugusa kisiwa. Ndipo reli ile ilipoanza kuifaa Diani, miaka saba baada ya kuzinduliwa.

Lakini tusijidanganye kwamba barabara hiyo ilijengwa kwa ajili ya watalii. Ilikusudiwa kwanza malori ya bandari na eneo maalumu la kiuchumi la Dongo Kundu, kama vile reli yenyewe ilivyotegemea makasha kuliko abiria. Mzigo ndio uliotujengea njia. Utalii umedandia tu. Na anayedandia hachagui vituo. Hili ndilo linalonisumbua ninapopita pale, kwa sababu zamani mgeni aliyelazimika kuingia kisiwani alikubali kirahisi tukimshawishi asimame Ngome ya Yesu, atembee Mji wa Kale, anunue kahawa na kashata. Sasa anapita mbali na mji, na anayetaka kumwonyesha mji huo hana budi kumrudisha nyuma kwa makusudi, jambo ambalo wengi hawalikubali wakiwa wameshaiona bahari. Waongoza watalii wa mjini hawakuitwa kwenye meza wakati ramani ikichorwa, nami sidhani kama kuna aliyewafikiria.

Kusini zaidi, faida ni dhahiri. Mashua za kwenda kisiwa cha Wasini na hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti huondoka Shimoni asubuhi, kwa hiyo zamani aliyetoka Nairobi alilazimika kulala Diani kwanza. Siku hizi abiria wa treni ya usiku, inayofika Miritini kabla ya mapambazuko, namchukua kituoni, tunapita Mteza kungali giza, tunakunywa chai Ukunda, na mashua inamkuta gatini.