Msuluhishi wa mkulima na mfugaji: kwa nini kila upande humwita wa mwenzake

Mkuu, umeuliza inakuwaje msuluhishi wa kesi za mifugo kula mazao, ambaye hajala senti ya mtu, wakulima wamwite wa wafugaji, na wafugaji wamwite wa wakulima. Wenye kesi humtazama mtu kabla ya kumsikiliza: kaja na pikipiki ya nani, kanywa chai wapi. Ukishushwa na bodaboda iliyolipiwa na mwenye ng'ombe, uamuzi wako hauna kazi tena, hata uwe wa haki kiasi gani. Hata Mwalimu Nyerere, aliposuluhisha Warundi pale Arusha, upande wa Buyoya, rais wa Burundi wakati huo, ulimwona ameegemea, maana Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoiwekea Burundi vikwazo mwaka 1996.

Basi nauli itoke kijijini, na kikao kiwe chini ya mti wa shule au ofisini, si bomani kwa mfugaji wala kwa mwenye shamba. Ukijua Kimaasai, kiache. Tumia Kiswahili na mkalimani. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, watatu wanawake, lakini wote saba wakiwa wakulima, mfugaji anaingia akijua ameshashindwa.

Shambani ndiko wengi huharibu. Ekari hupimwa hatua 70 kwa 70, na hesabu hiyo hukaa sawa hatua ikiwa kama sentimita 91. Mpimaji mrefu akivuta mguu hadi mita moja, mkulima anapunjwa karibu sehemu moja ya sita ya eneo lake, na hakuna atakayeamini kwamba ni bahati mbaya. Leteni futi kamba ya mita 50: mkulima ashike ncha moja, mfugaji nyingine, wewe shika kalamu.

Mahindi ya sentimita 75 kwa 30, mche mmoja kila shimo, huwa na mashina kama 110 katika mraba wa mita 5 kwa 5. Miraba ya kupimia hasara iwe mitano: miwili achague mkulima, miwili mfugaji, wa tano uwe katikati ya palipoliwa. Wahesabu mashina wenyewe kwa sauti, kisha watie sahihi au dole gumba hapohapo, kabla hamjatoka shambani.

Kuna jambo moja gumu kweli. Mahindi ambayo hayajafikisha majani sita, kiini chake bado kiko chini ya udongo. Yakiliwa majani bila kung'olewa wala kukanyagwa, huchipua tena. Haki inataka kusubiri kama wiki ndipo uthamini hasara. Mkulima aliyelala bila usingizi ataiona wiki hiyo kama nafasi uliyompa mfugaji ahamishe mifugo, na ana sababu ya kuhofu. Kwa hiyo siku ya kwanza hesabu ng'ombe, andika chapa zao, na taja tarehe ya kurudi wote wawili wakisikia. Katikati hapo, ukipita kwa mmoja hata kwa salamu, pita na kwa mwenzake siku hiyohiyo.