Usaili wa mchujo na usaili wa mahojiano

SWALI: Ndugu Mhariri, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imeniita kwenye usaili wa mchujo wa nafasi ya uhasibu, na nikifaulu nitaitwa kwenye mahojiano. Je, maandalizi ni yale yale? Msomaji, Dodoma.

JIBU: Hapana, ndugu msomaji. Mchujo ni mtihani wa kuandika, hivyo rudia misingi ya uhasibu na ujizoeze kujibu kwa kufuata muda. Mahojiano, ambayo nayaona kuwa magumu zaidi, hufanyika mbele ya jopo: jizoeze kueleza kwa sauti, mbele ya mtu atakayekuhoji bila huruma, kazi uliyowahi kuifanya na tatizo ulilolitatua, ukizingatia majukumu yaliyoorodheshwa kwenye tangazo. Vyeti halisi na kitambulisho viandae leo, kwani hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti.