Kwa nini lifti ya ujenzi haivutwi kwa kamba
Umeuliza kwa nini lifti inayopanda nje ya jengo linalojengwa haivutwi kwa kamba za chuma kama lifti ya kawaida. Kamba kwa kawaida huhitaji mtambo wa kuzishikilia juu kabisa, ilhali sehemu hiyo bado haijajengwa. Kwa hiyo mota zilizofungwa kwenye kizimba, yaani chumba cha lifti kinachopanda na kushuka, huzungusha gia inayouma meno ya reli iliyo kwenye mlingoti, nao mlingoti huongezwa kipande baada ya kipande kadiri jengo linavyopanda, huku ukishikizwa kwenye jengo kwa vyuma imara. Kizimba kikishuka kwa kasi kupita kiasi, breki ya dharura hujifunga yenyewe, hata umeme ukikatika. Nasisitiza breki hiyo ijaribiwe mara kwa mara, bila mtu yeyote ndani.