Umehamia Nakuru na unakimbia? Soma hii kabla ya Jumapili

Kama umehamia Nakuru juzi juzi na unajiandaa kwa mbio za Lewa mwezi wa Juni, ama mbio yoyote ile ya kilomita 21, kuna kitu nataka kukuambia ambacho mimi nilichelewa sana kukijua. Ile mbio yako ndefu ya Jumapili ndiyo itakuonyesha huu mji. Mimi nilikaa hapa karibu mwaka mzima nikijua tu Free Area penye naishi, steji, kazini na sokoni, basi. Siku nilianza kukimbia masaa mawili asubuhi ndio nikajua nilikuwa naishi kando ya mji, si ndani yake.

Kwanza hewa. Hapa tuko kama mita 1,850 juu ya bahari na hewa ni nyepesi kama asilimia 20 kuliko ya Mombasa, kwa hivyo ukitoka Pwani, ama hata Kisumu, usilazimishe ile kasi ya kwenu. Wiki tatu za mwanzo kimbia polepole. Kipimo changu ni salamu: kama unapita kwa mama wa uji na huwezi kumwambia "habari ya asubuhi mama" yote bila kukatika, umezidisha, punguza.

Na mvua isikutishe. Kuanzia Januari mpaka Machi hapa ni vumbi tupu, linaingia hadi kwa meno, sasa Aprili mvua inalilaza chini na asubuhi inakuwa baridi nzuri, kwangu hakuna msimu mzuri kuliko huu wa kurefusha kilomita. Mara nyingi inanyesha kuanzia mchana, so ukitoka saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka unarudi kabla haijaanza.

Sasa njia, na hapa nisikize vizuri. Menengai, ule mlima wenye kreta, iko kaskazini, Ziwa Nakuru liko kusini, mji umelala kwa huo mteremko katikati. Mapaja yakianza kuwaka ujue unaelekea Menengai, miguu ikianza kujibeba yenyewe unashuka ziwani. Kuna Jumapili moja mvua ilinipata asubuhi asubuhi upande wa Rhonda, simu ikaingia maji ikazima, mitaa yote nikaiona inafanana, mabati, kuta za mawe, vibanda vimefungwa, na pale mteremko ni mdogo huwezi kuusikia kwa miguu. Nikasimama chini ya paa la duka nikaangalia mtaro. Maji yalikuwa yamebeba maganda ya machungwa na majani ya sukuma, yote yanaenda upande mmoja. Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka, maji ya huu mji yanateremka kwalo, kwa hivyo nikajua kule yanaenda ni kusini, nikaweka ziwa mkono wa kulia, yaani nikaelekea mashariki, nikakimbia mpaka nikatokea mtaa wa Shabab. Tangu hiyo siku simu ikizima sina wasiwasi.

Huko chini karibu na ziwa lakini uliza kwanza. Maji yamepanda sana miaka hii, yakafunika lango kuu la zamani la mbuga ya wanyama na nyumba za watu upande wa Mwariki, kwa hivyo barabara unayoiona kwa ramani ya simu inaweza kuwa imeishia kwa maji.

Ukitaka mahali pa kuanzia, anza Milimani, lami ni nzuri na magari ni machache, halafu Section 58 hadi Naka, urudi kwa njia ya Bondeni, mtaa wa zamani. Usirudi na njia uliyoendea, hiyo ndio sheria yangu pekee. Kiamunyi weka ukishazoea hewa. Ukingo wa Menengai ni mita 2,278, yaani kutoka mjini unapanda zaidi ya mita 400, usiende huko peke yako, kuna watu wameporwa simu, tafuta wenzako wawili watatu.

Na salimia watu, tafadhali. Mtu asiyejulikana akikimbia mtaani saa kumi na mbili anaulizwa na macho ya kila mtu na wana haki. Kuna soja mmoja mzee pale Milimani, mara ya kwanza nikipita alisimama na rungu yake mkononi, hakusema kitu. Nikamwamkia. Ya pili akainua mkono. Jumapili ya nne nilipita nimechelewa kama dakika kumi, nikamkuta amesimama nje ya geti anaangalia barabara upande natokeanga, akaniambia, "Leo nilidhani umekuwa mgonjwa."