Ati meno ya nguruwe ndiyo yalisema umri wa fuvu?

SWALI: Assalam aleykum. Tulienda makumbusho Nairobi na mwanangu, jamaa mmoja akatwambia kuna fuvu la Turkana lilibishaniwa miaka mpaka meno ya nguruwe yakaamua umri wake. Toka siku hiyo kijana haniachi, nguruwe na fuvu la mtu wapi na wapi? Ni kweli ama tulidanganywa? – Mama Swaleh, Likoni

JIBU: Waaleykum salaam Mama Swaleh. Hamkudanganywa, na hiki ni kisa nakipenda sana.

Anza na kitu cha huku kwetu. Pale Gede, James Kirkman alipoanza kuchimba magofu 1948 walikuwa wakiokota vigae vya vyombo vya Kichina, na kwa vile yajulikana mitindo ya sahani za Kichina ilibadilika lini, kigae kikitoka chini ya sakafu wajua sakafu ile haikutengenezwa kabla ya sahani yenyewe. Wanyama nao ni hivyo hivyo, kila aina ina wakati wake, ikishapotea hairudi tena.

Sasa fuvu lenyewe. Laitwa 1470, aliliona Bernard Ngeneo, Mkenya mwenzetu (mwambie kijana alishike jina hilo), mwaka 1972 huko Koobi Fora mashariki ya Ziwa Turkana. Juu ya tabaka lilimotoka kuna jivu la volkano lililoganda likawa jiwe, waliita KBS, na maabara ikasema jivu hilo lina miaka milioni 2.6, manake fuvu ni kongwe kuliko hapo. Lakini Basil Cooke, mtaalamu wa nguruwe wa kale, akaona nguruwe waliokuwa chini ya jivu wafanana na wale wa bonde la Omo kule Ethiopia, ambako matabaka ya majivu ni mengi na yamepimwa moja baada ya jingine, na kule Omo nguruwe wa namna hiyo ni wa karibu miaka milioni 2 tu. Na mto Omo wamwaga maji ziwa hilo hilo la Turkana, ni majirani, iweje nguruwe mmoja awe na tarehe mbili zilizopishana zaidi ya nusu milioni?

Kwa nini nguruwe lakini? Gego lao la mwisho. Kadiri miaka ilivyokwenda nguruwe wengi wa Afrika walizidi kula nyasi, na nyasi zasaga meno vibaya, basi gego likawa larefuka na kwenda juu kizazi kwa kizazi. La ngiri wa leo ukilishika laonekana kama vijiti vingi vilivyofungwa pamoja kwa nguvu, wakati la babu zake lilikuwa fupi na la chini. Na jino ni gumu, mifupa yaoza lenyewe labaki, kwa hivyo wayapata mengi na wayapanga toka la zamani hadi la juzi.

Ubishi ulienda miaka. Mwisho jivu likapimwa upya, kumbe sampuli za mwanzo zilikuwa na punje za mawe makongwe zaidi zilizochanganyika ndani, na leo KBS yahesabiwa karibu miaka milioni 1.9. Nguruwe walisema kweli mashine ikiwa imekosea, mimi hapo hunisisimka mwili!

Ila mwanao aelewe, meno peke yake hayatoi miaka, yatoa mpangilio, nani alitangulia nani. Miaka yenyewe yatoka kwa jivu. Ndiyo maana kwenye mapango ya Afrika Kusini kama Makapansgat, ambako jivu la volkano hakuna, walilinganisha wanyama wa kule na wa huku kwetu kwenye majivu yaliyopimwa.

Mkipita Tsavo siku moja mwombeni askari wa mbuga awaonyeshe fuvu la ngiri, msilichukue, fungueni taya tu muangalie gego la nyuma kabisa.