Life on Mars ya Marekani: kwa nini ilikufa baada ya msimu mmoja

Mkuu, umeuliza kwa nini tamthilia ya TV ya Life on Mars, ile ya Wamarekani, ilizimwa baada ya msimu mmoja, na kama mtu anaweza kuianza bila kuiona ile ya Waingereza. Nimezitazama zote: ya Uingereza nikiwa mwanafunzi Manchester, ya Marekani kwa DVD za Kariakoo baada ya kurudi nyumbani. Nitataja miisho yote miwili, kwa hiyo asiyetaka kuharibiwa uhondo apite kushoto.

Kisa ni kile kile. Mpelelezi Sam Tyler anagongwa na gari, anazinduka mwaka 1973, bosi wake sasa ni Gene Hunt, mbabe na mlevi ambaye ushahidi anautafuta kwa ngumi. Je, Sam amekufa, amerukwa na akili, au yuko hospitali hajitambui?

Watu husema ya Marekani ilikufa mapema, ila hebu tupige hesabu. BBC ya Uingereza walianza Januari 2006 wakafunga Aprili 2007, jumla vipindi 16. ABC ya Marekani walianza Oktoba 2008 wakafunga tarehe 1 Aprili 2009, vipindi 17. Mtoto kamzidi mama kwa kipindi kimoja! Tofauti ni kwamba Waingereza walifunga duka wenyewe, hadithi ikiwa imefika mwisho wake. Wamarekani walitaka kitu cha kwenda miaka, na fumbo la namna hii ukilivuta miaka linachosha.

Na yao ilianza kwa mkosi. Kipindi cha majaribio kilipigwa kikiwa kimewekwa Los Angeles, chini ya mtayarishaji David E. Kelley, Gene akiwa Colm Meaney. Kikatupwa. Wakaja waandishi wapya, hadithi ikahamia New York, na kati ya waigizaji akabaki Jason O'Mara, yule Sam. Ratiba nayo: walipewa Alhamisi nyuma ya tamthilia ya Grey's Anatomy, wakapumzishwa, Januari wakarudi Jumatano nyuma ya Lost, ile tamthilia ya mafumbo ya kisiwani. Mtu katoka kuumiza kichwa na kile kisiwa, unamletea fumbo jingine saa nne usiku. Atalala tu.

Lakini mimi naona ugonjwa wenyewe ulikuwa kwa Gene Hunt. Philip Glenister, Gene wa Uingereza, alikuwa na miaka arobaini na kidogo, karibu rika moja na John Simm aliyecheza Sam. Wale ni wanaume wawili wanaogombea ofisi moja, wanatwangana, kisha wanakwenda baa pamoja. Huko Marekani wakamweka Harvey Keitel, ambaye alikuwa anakaribia sabini. Keitel ni mwigizaji mkubwa, sibishi, ila ukimweka mbele ya O'Mara unaona mzee na kijana wake. Ule ugomvi wa marika ukafa, na ugomvi ule ndio ulikuwa unaivuta tamthilia nzima.

Kuna mambo waliyapatia. Sam anapozinduka New York, anainua macho anayaona majengo pacha ya World Trade Center yamesimama. Hakuna maneno, na hayahitajiki. Waingereza, ambao hadithi yao iko Manchester, hawakuwa na kitu cha nguvu hiyo. Wao walikuwa na bango linalotangaza kwamba barabara ya juu iko njiani kujengwa, wakati barabara hiyo, Mancunian Way, ilifunguliwa 1967. Tuliokuwa tunapita chini yake kila siku tulicheka. Walikuwa pia na gari la Gene, Ford Cortina, na wazee wa Kenya mnaijua Cortina, ilishinda Safari Rally mwaka 1964.

Sasa miisho. Ya Uingereza, Sam anaamka mwaka 2006, anakaa kikaoni, anajikata mkono na hasikii chochote. Anakumbuka maneno ya Nelson, mwenye baa, kwamba ukiwa hai unahisi. Anapanda juu ya jengo anajirusha, anarudi 1973. Tuliitazama sebuleni wapangaji wote, na ubishi ukaendelea mpaka usiku wa manane: kajiua au kapona?

Ya Marekani, ABC walitangaza kuifuta mapema Machi, kwa hiyo waandishi walipata nafasi ya kufunga. Wakafunga hivi: Sam ni mwanaanga wa mwaka 2035, yuko safarini kwenda Mars, yote yalikuwa ndoto iliyotengenezwa na kompyuta ya chombo, ikaharibika njiani. Gene ni baba yake. Basi, hakuna cha kubishania. Vile viroboti vidogo vilivyokuwa vinatambaa tambaa kumbe vilikuwa dokezo.

Kwa hiyo anza na ya Uingereza, kisha ya Marekani uitazame kwa ajili ya New York na masharubu ya Michael Imperioli, anayecheza mpelelezi mwenzake Sam. Ukitaka kuona nakala iliyofaulu, tafuta ya Korea Kusini ya 2018. Vipindi 16, mpelelezi anarudi 1988, mwaka wa Olimpiki ya Seoul, na bosi wake ni mtu wa kugombana naye kwelikweli.